Mfadhili Anakuja Jumamosi

Saluni ya Shangazi haijawahi kukosa kelele. Hata umeme ukikatika na mashine za kukaushia zikazimika, midomo inaendelea. Kwa hiyo Jumanne ile, aliyepita barabarani akakuta kimya pale mlangoni lazima alidhani kuna msiba. Hapakuwa na msiba. Palikuwa na wanawake waliokaa wima kama wanapigwa picha, mmoja nywele nusu zimesukwa na nusu zimesimama, wote masikio yameelekea kwenye korido ya ndani, ambako Chupa alikuwa anaongea na simu.

"Ndiyo, ni Jumamosi hii," Chupa alikuwa anasema. "Mfadhili anakuja mpaka nyumbani, anataka kuona ninavyoishi. Akiridhika tu, basi, mimi shida zimekwisha. Ananibeba miaka miwili mizima. Chumba, chakula, nauli, kila kitu... Hapana, hapa sijamwambia mtu. Si unawajua watu wa hapa?"

Watu wa hapa wakatazamana.

Tatizo lilikuwa lile neno. Kamusini, mfadhili ni mtu mwenye moyo wa kusaidia, anatoa na kwenda zake. Lakini kamusi haijawahi kukaa kwenye kiti cha saluni. Kwenye kiti cha saluni, mfadhili ni mzee mwenye kitambi na gari la vioo vyeusi, ana mke na wajukuu nyumbani kwake, halafu ana msichana mahali fulani ambaye anamwita "mwanangu" mbele za watu.

"Chupa?" Mama Mapacha, mpangaji mwenzetu, alinong'ona, mnong'ono wake ule unaofika hadi duka la pili. "Chupa huyu huyu wetu?"

Ukweli ni kwamba Chupa alikuwa anazungumzia mfuko wa masomo. Kuna watu wanaowalipia watoto wa familia zisizo na uwezo, wale waliokwisha maliza shahada ya kwanza, wakafanye utafiti na kupata ya pili. Chupa alikuwa ameomba mara mbili akakosa. Mara ya kwanza alituambia mapema sisi wapangaji wenzake, ila alisema ni "nafasi ya masomo", neno mfadhili halikutajwa; Shangazi akatangaza saluni nzima, tukacheza ngoma uani hadi ndoo zikapasuka, halafu jibu likaja: tunasikitika. Mtoto wa watu alipita kwenye korido siku kadhaa akiangalia miguu yake. Mara ya pili alimwambia Shangazi peke yake, na ikawa vilevile. Hii ya tatu ndiyo ilikuwa ya mwisho, maana mfuko wenyewe haumpokei mtu aliyekataliwa mara tatu. Safari hii alikuwa amevuka hatua zote, kimebaki kitu kimoja tu: afisa wao aje nyumbani athibitishe kwamba kweli familia haina uwezo. Ndiyo maana Chupa aliufunga mdomo. Alijua nyumba yetu ikijua, na barabara nzima inajua.

Jina la Chupa tulimpa sisi. Bomba la uani linatoa maji siku mbili kwa wiki, kwa hiyo kila mpangaji ana pipa lake mlangoni. Tangu amalize chuo, binti huyu alikuwa anafanya kazi nusu siku katika duka la dawa, na kila jioni anarudi na vichupa. Anabisha hodi. "Samahani, mama, naomba maji kidogo ya pipani." Anachota ya juu, anachota ya chini, halafu anapitisha pamba kwenye ukuta wa pipa kwa ndani, pale penye utelezi, anaitia pamba hiyo kwenye kichupa cha tatu na kukibandika karatasi. Ukimuuliza anatafuta nini, anasema, "Hata mimi sijajua bado." Jibu gani hilo? Wengine walisema anatengeneza dawa. Fundi Redio, mpangaji wa chumba cha kwanza, alishikilia kwamba ni mambo ya usalama wa taifa.

Sasa Shangazi. Huyu ndiye dada wa marehemu baba yake, na ndiye aliyemlea tangu akiwa anatambaa. Ungetegemea amuite, amkalishe, amuulize waziwazi. Lakini mtu aliyelea mtoto kwa mikono yake miwili kuna maswali ambayo anaogopa majibu yake. Alichofanya, jioni ya kesho yake alimwambia Chupa akae, amsuke bure. Na Shangazi hasuki bure, hata ndugu. Mama Mapacha akatokea hapo hapo kuazima chumvi, akabaki amesimama mlangoni na kijiko chake.

"Nasikia tuna mgeni Jumamosi," alianza Shangazi, anapitisha kitana taratibu.

Chupa akacheka. "Kumbe mmeshasikia! Haya, yamekwisha. Ndiyo, Shangazi. Mfadhili."

"Ni mtu... wa siku nyingi?"

"Sana! Mimi nazaliwa, mwenzangu ameshaanza hiyo kazi."

"Kazi!" Kitana kikasimama hewani. "Na uko peke yako?"

"Peke yangu wapi? Kila mwaka anachukua kumi. Wanawake kwa wanaume."

"Na wanaume?"

"Habagui huyo."

Mama Mapacha akakaa kizingitini bila kukaribishwa.

"Na hao wenzio," Shangazi aliuliza, "mnajuana?"

"Tuna kundi letu kwenye simu. Waliotangulia ndio wanaotufundisha. Usijipambe, usivae vya gharama, ukiulizwa jibu kwa kifupi. Yeye anataka wa hali ya chini tu. Akikuta nyumba ina uwezo, anageuza pale pale mlangoni na harudi tena."

"Anageuza mlangoni," Shangazi alirudia, polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. Kitana kikaanza tena kutembea, safari hii kwa mwendo mwepesi. "Haya, mwanangu. Tutampokea vizuri."

Kikao kilifanyika Ijumaa uani, wakati Chupa yupo dukani. Fundi Redio alikuja na nyundo.

"Niachieni mimi. Akishuka tu kwenye gari, namvunja taa moja. Ya gari au ya uso, atachagua mwenyewe."

"Ukimpiga, kesho anarudi na polisi," alisema Shangazi. "Huyu hafukuzwi kwa nyundo. Hamkusikia? Anafuata njaa. Anakwenda nyumba yenye dhiki, anajua pale atakubaliwa. Sasa aje aikose hiyo dhiki."

"Tutaipeleka wapi?" aliuliza Mama Mapacha. Alikuwa anauliza kwa nia njema kabisa.

"Tutaifunika."

Jamani, nyumba yetu tusifiwe kwa lolote, lakini kwa kuazimana hatuna mpinzani. Jumamosi Chupa aliondoka asubuhi kumalizia zamu yake, kisha ampokee mgeni wake kituoni. Kisigino chake kilipopotea tu kwenye kona, kazi ikaanza. Mama Mapacha alitoa makochi yake ya rangi ya damu ya mzee, yale anayoyafunika plastiki hata mwenyewe haketi. Mlango ukawa mwembamba, yakafunguliwa miguu, yakaingia kwa ubavu. Fundi akaleta televisheni pana kama meza, ya mteja wake. Ilikuwa inatoa sauti bila picha, lakini ikizimwa nani atajua? Zulia likatoka kwa huyu, saa ya ukutani kwa yule. Friji lilikuwa la Nesi wa chumba cha mwisho. Nesi mwenyewe alikuwa kazini, ila ufunguo wake huwa anauacha kwa Mama Mapacha, na Mama Mapacha alisema Nesi hana roho mbaya, angekuwepo angekubali.

Ndoo, beseni na lile boksi la vichupa vilipangwa uani. Shangazi alisimama katikati ya chumba chake, akazunguka mara moja, akasema, "Hata mimi nikijikuta humu naomba radhi nitoke."

Tukakaa kusubiri gari la vioo vyeusi.

Halikuja gari. Alikuja Chupa kwa miguu, na pembeni yake mama mmoja wa makamo, viatu bapa vyenye vumbi, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, mkoba mzito begani. Walikuwa wanaongea kama watu waliokwisha zoeana. Sisi tuliokuwa barazani tukachanganyikiwa. Kitambi kiko wapi?

Mama Mapacha ndiye aliyeelewa, au alidhani ameelewa. Alishika mkono wa Fundi. "Mungu wangu. Mkewe! Mke wa mfadhili kaja mwenyewe!"

Fundi, pamoja na nyundo yake, akaingia chumbani kwake na kufunga komeo.

"Hodi," alisema yule mama.

"Karibu, dada, karibu sana," Shangazi alisema, sauti imejaa huruma, maana habari ilikuwa imeshamfikia. "Pole kwa safari. Usihangaike kujieleza. Tunajua kilichokuleta."

"Afadhali. Kwingine huwa naeleza mpaka sauti inakauka."

"Kwingine! Kumbe unazunguka nyumba zote?"

"Zote, mama. Wasichana ni wengi, na nisipofika mwenyewe nadanganywa."

"Pole, mwanamke mwenzangu. Una moyo."

Chupa hakusikia hata neno moja kati ya hayo. Alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba alichokulia, anaangalia kochi, anaangalia friji, anaangalia zulia, kama mtu aliyeingia nyumba ya jirani kwa bahati mbaya. Alifungua mdomo. Shangazi alimtupia jicho, ukafungwa.

Mgeni aliketi. Plastiki ya kochi ikalia. Alivaa miwani, akatazama chumba pembe hadi pembe, akatoa kalamu.

"Mama, huyu binti anaishi hapa na wewe?"

"Tangu hajui kutembea. Na hajawahi kukosa kitu." Shangazi alikuwa ameunganisha mikono tumboni, anaongea taratibu, kila neno kwa uzito wake. "Mwambie huyo wa kwako: hapa hakuna njaa. Mtoto huyu haombi kwa mtu. Akitaka kusoma, nitamsomesha mimi, hapa au ng'ambo. Uwezo ninao."

Kalamu ilikuwa inatembea. Sisi tuliobanana dirishani tulimwona Chupa anaifuata kwa macho, mstari kwa mstari.

"Shangazi, tafadhali..."

"Nyamaza, wakubwa wanaongea."

Na hapo ndipo ilipomkaba. Akisema hivi vitu ni vya kuazima, anamvua nguo shangazi yake mbele ya mgeni na mbele ya dirisha zima. Asiposema, basi, ndiyo imekwenda, na hakuna ya nne. Tulimwona anavuta pumzi kama mtu anayetaka kubeba gunia, halafu anaitoa bila kubeba kitu.

Mgeni alivua miwani. Uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa umechoka tu. "Basi, binti yangu, sidhani kama nina swali jingine. Unajua sisi tunawasaidia wale ambao—"

"JAMANI FRIJI LANGU!"

Sauti ilitoka mwisho wa korido. Nesi alikuwa amerudi kutoka zamu.

"Nimeibiwa! Wameingia chumbani wameiba friji! Na nyie mmekaa hapa mnachungulia dirisha la nani?"

Alipita katikati yetu na sare yake nyeupe, akafika mlangoni kwa Shangazi, akasimama. Akaingia bila hodi. Akafungua mlango wa friji, akatoa tikiti nusu lililofunikwa sahani. "Hili nani alilikata kama si mimi?"

"Ongea taratibu, Nesi," Fundi alisema kwa ndani ya mlango wake, "mke wa mfadhili yumo humo."

Kalamu ya mgeni ikasimama.

"Mke wa nani?" aliuliza mgeni.

Mama Mapacha akasema, kwa heshima zote, "Wa mfadhili, dada. Yule mumeo. Hatukulaumu wewe."

"Mume wangu alifariki," alisema yule mama. "Na alikuwa mwalimu wa hesabu."

Chupa aliweka viganja usoni. Mabega yakaanza kutikisika, na mpaka leo tunabishana kama alikuwa analia au anacheka. Alipotoa viganja alikuwa anafanya yote mawili. "Shangazi! Mlidhani mfadhili ni... Shangazi! Mfadhili ni mfuko! Mfuko wa masomo! Ni kina mama kama huyu, wana ofisi, wana kikao. Wanalipia watu wafanye utafiti!"

"Lakini ulisema anapenda wasichana wa hali ya chini."

"Wanapenda! Ndiyo kazi yao!"

"Na wale kumi?"

"Wanafunzi, Shangazi."

Shangazi alikaa. Hakuangalia alipokaa, akakaa kwenye zulia. Mgeni naye aliegemea kochi, akaanza kucheka kidogo kidogo, kwa aibu, kisha ikamshinda akacheka hadi miwani ikamdunda kifuani.

"Mimi," alisema akifuta macho, "nimeona mengi. Nimekuta televisheni imelazwa na kufunikwa shuka, nikaambiwa ni bibi anaumwa. Nimekuta gari limefunikwa majani ya ng'ombe, na ng'ombe mwenyewe hayupo. Lakini nyumba iliyoazima vitu ili nisiwape? Hii sijawahi."

Tukacheka wote, tukadhani yamekwisha. Lakini yeye akashika kalamu tena, na kicheko kikamtoka usoni.

"Ila, mama, mimi nimeshaandika. Uliniambia uwezo unao, na wewe ndiye mlezi. Siwezi kufuta neno la mlezi kwa sababu jirani kadai friji. Jirani yeyote anaweza kudai friji, na wapo wanaopangwa wadai. Itabidi nikuulize upya, na unijibu wewe mwenyewe." Alitutazama dirishani na mlangoni, tulivyojaa. "Ukitaka, tufunge mlango kwanza."

Ni lazima umjue Shangazi ili ujue alikuwa anaombwa nini. Katika miaka yote tuliyopanga pamoja, hakuna aliyewahi kumsikia akisema hana. Siku anayoshindia chai kavu, anasema ameshiba kwa mdogo wake. Viatu vikimwisha, anasema anapenda ndara, daktari kamshauri. Tulikuwa tunajua, na yeye anajua kwamba tunajua, lakini neno lenyewe halikuwahi kupita mdomoni mwake, na sisi kwa kumheshimu hatukuwahi kulitafuta.

Alinyanyuka kutoka kwenye zulia. Akajipangusa.

"Usifunge," alisema. "Hawa walisikia la kwanza. Wasikie na la pili."

"Je, una uwezo wa kumsomesha huyu binti?"

Chupa alisema kwa sauti ndogo, "Shangazi, si lazima."

"Sina," alisema Shangazi.

Alilisema kwa sauti ile ile anayoitia wateja barabarani, likatoka nje, likavuka baraza. Kisha, kama aliyegundua kwamba halikumuua, akaendelea. "Sina, dada. Hapa chetu ni kitanda, lile pazia na meza ile yenye kitambaa. Nilimbeba mpaka pale nilipoweza kubeba. Kutoka pale kwenda mbele sijui hata njia. Andika hivyo."

Mgeni aliandika. Nesi, ambaye bado alikuwa amekumbatia tikiti lake, alianza kupenga kamasi.

"Sasa toeni vya kwenu," alisema mgeni. "Nataka kuona chumba chenyewe."

Kuingiza kulituchukua asubuhi nzima, kutoa ilikuwa kama moto unawaka. Mgeni akajikuta anasimama maana kochi lilichukuliwa chini yake, akatoka uani kutupisha, na huko ndiko alikoliona boksi la vichupa. Aliinama, akasoma karatasi moja. Akasoma ya pili.

"'Mama Mapacha, ukuta.' Hii ndiyo kazi yako, binti?"

"Ndiyo, mama." Na Chupa aliyekuwa hana sauti ndani, uani alipata nyingine kabisa. Akachuchumaa. "Maji ya bombani hapa ni mazuri, nimeyapima. Yakikaa pipani siku tatu yanabadilika, lakini si kila pipa. Mawili yako jua lile lile, kifuniko kile kile, moja linaharibika na jingine halina neno. Nadhani ni huu utelezi wa ukutani. Kuna vijidudu vinajijengea humo kama wapangaji. Ninachotaka kujua ni kwa nini mapipa mengine wapangaji wake ni wema."

"Langu ni lipi?" aliuliza Mama Mapacha.

"Lako ni baya, mama."

"Baya? Mimi nasugua kila wiki! La Fundi je?"

"La Fundi ni zuri sana."

"Fundi! Fundi hajawahi kusugua hata meno!"

"Ndiyo maana nataka kujua," alisema Chupa.

Fundi alifungua komeo lake na kutoka, kifua mbele, akasimama kando ya pipa lake kama mzazi kwenye sherehe ya shule. Ugomvi uliowaka hapo sitausimulia, ila mgeni alisahau mkoba wake chini. Alikuwa anahama pipa hadi pipa, anachungulia, anauliza lilinunuliwa wapi, kabla ya maji lilibeba nini, nani anachota na kwa kikombe gani. Watu wanajibu wote kwa pamoja. Alipoondoka jua lilikuwa limeshalala upande wa pili wa barabara. Hakuahidi kitu. Alisema kikao ndicho kitakachoamua, na kwamba ataandika yote mawili, aliyoyakuta na aliyoambiwa.

Wiki zile za kusubiri hakuna aliyetangaza lolote. Saluni ilijifunza kunong'ona kweli. Hadi adhuhuri moja Chupa aliingia toka kazini akakuta kiti kimejaa, baraza imejaa, akanyoosha tu simu kwa Shangazi bila kusema. Shangazi alikuwa na mafuta mikononi, akamwambia Nesi asome. Nesi alisoma kimoyomoyo kwanza, mchawi yule, halafu akapiga yowe hadi mteja akaruka na rola zake kichwani.

Tulicheza, ndiyo. Ndoo nazo zilipata shida yake.

Kelele zilipopungua, Shangazi alivuta kigoda, akamkalisha Chupa mbele yake. Miaka yote ile ya vichupa alikuwa anasogeza boksi kwa mguu akifagia, hakuwahi kuuliza.

"Sasa nieleze vizuri," alisema. "Anza mwanzo. Usinirukishe kwa kuwa sikusoma, nikipotea nitakushika mkono. Huo utelezi unatoka wapi?"

"Shangazi, ni habari ndefu."

"Nina kichwa kimoja tu cha kusuka. Na mteja huyu naye anasikiliza. Haya, sema."